Mazoezi ya Pilato

Leokadia mwanangu,

Barua ya heshima huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Uko mjini Ngara kwa shangazi yako unaaga, umeshibishwa kupita kiasi, na bila shaka unasimuliwa habari za goti lake tangu mwanzo. Hali yangu pia unaijua. Kwa hiyo salamu tuziruke. Kesho asubuhi unaondoka hapa Nyamiaga kwenda Nyarubungo kuanza kazi, na nina jambo ambalo nimeshindwa kukuambia usoni kwa miezi minane yote uliyokaa nyumbani ukisubiri ajira. Nimeandika ripoti za wanafunzi kwa miaka thelathini, nikasema ya watoto wa watu bila kupepesa macho. Leo zamu yangu imefika, na nimekwisha chana karatasi tatu.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na chumba chenye mlango unaofungika, mama yako amekuambia mara tatu, na kesho atakuambia ya nne huku umeshika mizigo. Mimi siyagusi. Mimi nataka kukuandikia juu ya kinyaa.

Kilinishika Jumapili ile ya mwezi uliopita, tukiwa mezani. Ulikuwa unatuchekesha kwa habari za mazoezi yako ya kufundisha, ukafika kwenye lile darasa la nne lililokuwa na kelele. Ulisema uliwatoa nje wote, ukawalaza kifudifudi kwenye vumbi, ukawapa pushapu thelathini, na atakayelala kabla hajamaliza anaanza moja. Mmoja, ulisema, alilala akawa anakula mchanga kama kuku. Mama yako akacheka. Mimi nilicheka kabla yake, maharage yakiwa bado mdomoni. Nikasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na nilisema kwa kukusifu. Nawe ulifurahi, nilikuona.

Jioni ileile ukatandika kirago uani, ukaanza pushapu zako mwenyewe, polepole, unavuta pumzi ukishuka na kuitoa ukipanda. Nilikuwa nimekaa na kikombe cha chai nikikutazama. Ghafla chakula kikanirudi kooni. Ulikuwa unafanya kitu kilekile ulichowafanyia wale watoto. Mikono ileile, kifua kilekile karibu na ardhi. Kwako ilikuwa afya, kwao ilikuwa adhabu, na ilionekana hujaona hata kidogo kwamba ni kitu kimoja. Nikajiuliza nani alikufundisha kukigawa hivyo. Sikuhitaji kufikiri sana.

Mimi nilikuwa mwalimu wa michezo, Leokadia, na sikumbuki kuwafundisha watoto mchezo wowote wa maana. Nilijua pushapu, nilijua kupiga magoti kwenye changarawe, na nilijua kichura kuliko wote: mtoto anachuchumaa, anashika masikio, anaruka hivyohivyo alivyochuchumaa mpaka nitakapochoka mimi. Ofisini tulikuwa na methali yetu tunayoitoa kila tunaponywa chai, samaki mkunje angali mbichi, na dirishani watoto walikuwa wamekunjika kweli. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuruka kichura mara kumi. Mimi nilikuwa na kitambi kinachonizuia kuona viatu vyangu, na filimbi ilikilalia juu. Nikiikumbuka picha hiyo natamani kutema mate.

Lakini hayo ni ya jumla, na ya jumla ni rahisi kuyaungama. Kuna siku moja.

Ulikuwa darasa la tano. Mvua ya juzi yake ilikuwa imeuacha uwanja tope tupu, jekundu. Mimi nilikuwa mwalimu wa zamu, tena siku hiyo tulimtegemea mkaguzi, kwa hiyo nilivaa shati jeupe na baiskeli yangu iling'aa. Wachelewaji walikuwa saba, na wa saba ulikuwa wewe. Niliwauliza sababu mmoja mmoja, si kwamba nilitaka kujua, ila ndivyo tulivyozoea. Ulisema mama amekurudisha mtoni kwa kuwa asubuhi ndoo zilikutwa tupu. Ulisema uliziacha zimejaa jana yake. Mama yako alikuwa amekugombeza nyumbani kwamba unadanganya, hukuteka, na sasa ukaniapia mimi mbele ya shule nzima kwamba uliteka. Nikasema, "Maji hayana miguu." Shule ikacheka.

Wale sita niliwapa mizunguko mitatu ya kichura kuzunguka mlingoti wa bendera. Wewe nikakupa sita, watu wasije wakasema Mwalimu anapendelea wa kwake. Nilihesabu mwenyewe, kwa sauti. Uliposimama kidogo kupumua nikasema anza upya. Nikasema tena mara ya pili. Katika mzunguko wa nne ukatapika uji, ukautapikia mikononi mwako mwenyewe, maana ulikuwa unajaribu kuuzuia usichafue uwanja wa mkaguzi. Mwalimu mmoja akasema kumbe maji anayo tumboni. Tulicheka, walimu wote, mimi nikiwemo. Nikakuamuru ufukie kwa udongo. Ukafukia kwa mikono, kisha ukarudi kuchuchumaa ukamaliza iliyobaki.



Siku nne ulikuwa ukienda chooni umeshika ukuta. Choo chetu unakijua, ni cha kuchuchumaa, na magoti yako yalikuwa yamekataa. Mama yako akadhani ni tumbo la kuhara, akakuchemshia majani machungu, ukayanywa asubuhi na jioni bila kusema neno. Nilikaa pale mezani nikikutazama unakunywa dawa ya ugonjwa usiokuwa nao, na nikakuhimiza umalize kikombe. Wiki hiyohiyo mzazi mmoja alinisimamisha njiani akanisifu kwamba Mwalimu wetu hana upendeleo, hata mwanawe hamwachi. Sifa ile niliiramba miaka mingi kama asali. Leo ninapoikumbuka najiona kama mtu aliyefika chini ya mtungi akakuta panya aliyeoza.

Ukakua, ukaenda chuo cha ualimu, ukarudi na neno geni. Ulisema mwenzako wa chumbani alikufundisha mazoezi kwa video za kwenye simu, ya kujenga misuli kwa uzito wa mwili wako tu, bila vyuma wala mashine. Ulilitaja jina lake na mimi nikasikia Pilato. Ukanirekebisha, nikasikia Pilato tena, na mpaka leo hapa kwetu yanaitwa hivyo.

Unakumbuka siku ya kwanza. Ulitandika kirago cha bibi yako uani, ukalala chali, miguu juu, kichwa juu, mikono ikipigapiga hewa ubavuni, unahesabu mpaka mia. Mama Paskazia jirani yetu alikuwa anatoka shamba. Akasimama kwenye uzio na jembe begani, akakutazama kwa huruma, kisha akanigeukia mimi.

"Mwarimu, uyu mtoto kakosa nini tena?"

Hakuwa anatania. Katika kijiji hiki mtu akilala kifudifudi akajiinua kwa mikono, amekosa. Akichuchumaa na kuinuka, amekosa. Nani aliwafundisha hivyo kama si mimi na filimbi yangu? Nilimjibu kwamba hujakosa, unafanya mazoezi ya Pilato. Akauliza kama ni Pilato yule tunayemtaja kanisani kwenye Nasadiki. Nikasema sijui, labda ndugu yake. Akasema basi ni adhabu, akaenda zake. Wewe na mama yako mlicheka mpaka mkashika mbavu. Mimi nilibaki na lile neno "tena". Mama Paskazia ndiye aliyekuwa akipika uji shuleni miaka ile, na jiko la shule lilitazama mlingoti wa bendera.

Kisha mgongo ukaniaibisha. Niliinua ndoo moja tu ya maji ya kumnywesha ndama, na sikunyooka tena. Mlinikokota ndani nimepinda kama ndoana. Mama yako akanichua kwa samli iliyochacha siku tano mfululizo, nikanuka zizi, mpaka yeye mwenyewe akahamia kitanda cha wageni. Tulipofika hospitali daktari alinibonyeza tumbo akasema misuli yake imelala, mgongo unabeba kila kitu peke yake, na dawa ni mazoezi. Nilimtazama kama aliyenitukana. Unajua neno lililonijia mdomoni, nikalimeza? Nilitaka kumuuliza nimekosa nini.

Mkuki kwa nguruwe. Ulinilaza kwenye kirago nyuma ya migomba, maana nilikataa kuonekana, ukaanza kunifundisha kama mtoto wa chekechea. Ulinifundisha kupumua kwanza. Nilikasirika. Nilisema nimepumua miaka sitini na mbili bila mwalimu. Ukasema nilikuwa napumulia shingoni, ukaniwekea kiganja mbavuni na kuniambia nisukume pale. Ukanifundisha kukaza kitovu kama ninayeingia kwenye maji ya baridi. Ukanifundisha lile la daraja, la kulala chali na kuinua kiuno pingili moja moja. Siku ya planki, ile ya kujishikilia kwa viwiko mwili umenyooka kama ubao, magoti yakiwa chini kwa ajili ya uzee wangu, kitambi ndicho kilichotangulia kugusa kirago. Nilidumu sekunde nane. Mwalimu wa michezo wa miaka thelathini, sekunde nane, kisha nimeanguka kifudifudi, mate yananitoka, nanusa samli yangu mwenyewe. Nilijichukia mwili mzima.

Na hapohapo nikajikuta nimekaza mabega. Nilikuwa nangoja useme anza upya. Nililingoja neno hilo kama mtu anavyongoja fimbo.

Wewe ulisema, "Inatosha, baba. Ukichoka, pumzika."

Sentensi hiyo sikuwahi kuitamka katika kazi yangu yote. Nimejaribu kukumbuka mtoto mmoja tu niliyewahi kumwambia hivyo, nimemkosa. Na ajabu ni kwamba niliporuhusiwa kupumzika ndipo nguvu zilipokuja. Nane ikawa kumi na tano, kumi na tano ikawa arobaini. Ulinieleza kwamba msuli haukui wakati unauchosha, hukua ukiwa umepumzika, na mimi nikaona aibu kwamba nililijua hilo kwa mihogo na kwa ng'ombe wa maziwa lakini si kwa watoto. Sasa nafunga kamba za viatu mwenyewe. Viatu vyenyewe naviona.

Siku moja nilikuuliza mbona huweki kichura katika mazoezi yako, wakati kwenye simu nimewaona Wazungu wanaruka kwa raha zao. Ulikuwa unakunja kirago. Ulisema, "Kichura siwezi, baba. Nikianza tu, naonja uji."

Hukunitazama. Hukuwa unanilaumu hata kidogo, ulisema kama mtu anayesema mihogo inamletea kiungulia. Miaka kumi na miwili imepita na uji ule bado uko mdomoni mwako, na aliyeuweka amesimama mbele yako na kaptura ya mazoezi. Nikafanya nini? Niliuliza kama chai iko tayari. Pilato wa kwenye Nasadiki alinawa mikono, mimi niliagiza chai. Ukaenda kuniletea, ukaweka sukari, nikainywa.

Kwa hiyo Jumapili ile ya pushapu sikuchukizwa na wewe. Nilichukizwa na kicheko changu, maana nilikitambua. Ndicho kilekile cha uwanjani. Nami niliona kitu kingine ambacho sijui kama wewe umekiona: wale watoto hukuwapa kichura. Uliwapa pushapu. Sehemu inayokuuma wewe uliiacha, ukachukua iliyobaki. Mimi sikuwa na hata hiyo ya kuacha.

Juzi wenzangu wawili wa zamani walikuja kukupongeza. Mmoja, akiwa na glasi ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, mkononi, alikuusia usiwachekee watoto wa huko, watakupanda kichwani, uwape kichura siku ya kwanza wakujue. Umeshaambiwa kwa simu kwamba utashika michezo na nidhamu kwa kuwa wewe ni kijana. Nilikutazama unavyompokea mzee maneno yake. Ulitabasamu ukanyamaza. Sikuweza kujua kama ni adabu au ni kukubali, na tangu juzi sina raha. Nilikuwa nimekuwekea filimbi yangu kwenye begi, ndani ya soksi, iwe zawadi. Jana niliitoa. Nimeitupa chooni, na hapo ndipo mahali pake.

Leo asubuhi ulipokwenda mjini nilichukua kirago, nikakitandika mbele ya nyumba kandokando ya njia. Nilikuwa kwenye sitini ya ile mia, nimelala chali, miguu hewani, natweta, Mama Paskazia akapita. Akasimama palepale kwenye uzio.

"Mwarimu, na wewe umekosa nini?"

Mtu akiwa katika hali ile uongo haupandi. Nikamwambia, "Nilimkosea Leokadia."

Akatua jembe. Akasema anajua, alikuwa jikoni siku ile, na uji aliowapikia walimu alitamani kuumwaga. Akaniuliza kama nimekuambia. Nikasema bado, na unaondoka kesho. Alinitazama na miguu yangu ile hewani, nikaona kinyaa usoni kwake, na sikumlaumu.

"Basi amka ukamwambie," akasema. "Iyo haitoki kwa kulala chali."

Ndiyo maana umekuta bahasha hii juu ya begi. Nilitaka kukungoja nikuambie kwa mdomo, lakini najijua. Ungeingia, ungenisalimia shikamoo baba, nami ningeitika marahaba na kuuliza chai.

Sikuombi ahadi. Walimu tunapenda ahadi kwa sababu tunapenda kumkamata mtu amezivunja. Ila siku ya kwanza utakapowatoa watoto wa Nyarubungo uwanjani na kuwaambia wainame, watakuuliza, kwa mdomo au kwa macho, wamekosa nini. Hawajui sababu nyingine ya kuinama. Waambie hawajakosa kitu. Waambie kabla hujahesabu moja. Na akichoka mmoja, unayo sentensi yako tayari, usiiache hapa nyuma ya migomba.

Sasa limebaki lile ambalo sijamwambia hata mama yako, wala padri kwenye kitubio. Siku ile ya mkaguzi niliamka kabla yenu. Ndoo zilikuwa mbili jikoni, zimejaa pomoni, umezifunika kwa majani ya mgomba. Moja niliogea. Ya pili nilioshea baiskeli, kwa sababu ilikuwa na tope na mkaguzi alikuwa anakuja. Nilimsikia mama yako akikuita mwongo nikiwa navaa shati, nikanyamaza. Na pale mlingotini, ulipokuwa unaniapia, nilikuwa bado nanukia sabuni.

Nisamehe, mwanangu. Kama leo huwezi, pumzika, utajaribu siku nyingine.

Uliteka maji, Leokadia. Niliyamaliza mimi.

Baba yako